Mpangilio wa Bidhaa Katika Kompyuta ya Duka

Mwenye duka dogo la mtaani hahitaji daftari ili kujua kwamba mafuta ya taa yako uani, na kwamba shati jeupe la shule la mtoto wa darasa la kwanza limebaki moja. Hayo yote huyabeba kichwani. Bidhaa zikifika elfu kadhaa na wauzaji wakawa wengi, kichwa kimoja hakitoshi, na hapo ndipo inapohitajika kompyuta yenye programu ya kuendesha duka. Lakini kompyuta haijui shati ni nini. Hujua yale tu iliyoandikiwa. Kwa hiyo kazi ngumu katika programu za namna hii si kujumlisha mauzo, bali ni kuamua kila bidhaa iwekwe katika kundi gani na sifa zake zipi ziandikwe.

Njia ijayo akilini kwanza ni ile ya mti wenye matawi. Wanafunzi wa biolojia wanaifahamu: Mswidi Carl Linnaeus, katika kitabu chake Systema Naturae cha mwaka 1735, aliwapanga viumbe katika makundi makubwa yenye makundi madogo ndani yake. Dukani twaweza kuanza na vyakula, kisha nafaka, kisha unga, kisha unga wa mahindi. Mti huwafaa viumbe kwa sababu viumbe wana nasaba. Paka na simba wametoka katika asili moja, ingawa Linnaeus mwenyewe hakulijua hilo. Bidhaa hazina nasaba. Mafuta ya nazi hupikiwa, na pia hupakwa nywele. Je, yakae katika tawi la vyakula au la vipodozi?

Swali kama hilo liliwahi kufikishwa mbele ya baraza la kodi nchini Uingereza mwaka 1991. Huko keki hutozwa kodi ya ongezeko la thamani kwa kiwango cha sifuri, lakini biskuti zilizopakwa chokoleti hutozwa kodi kamili. Basi ilibidi iamuliwe kama Jaffa Cakes, vitafunio vyenye chokoleti ambavyo madukani hupangwa pamoja na biskuti, ni keki au ni biskuti. Miongoni mwa hoja zilizopimwa ni kwamba keki ikikaa muda mrefu huwa ngumu, hali biskuti hulainika. Jaffa Cakes huwa ngumu, nazo zilihukumiwa kuwa keki. Rafu ilisema jambo moja, na kodi ikasema jingine. Programu inayokisia kodi kutokana na rafu ingemtoza mnunuzi isivyostahili.

Dawa ya tatizo hili ilipatikana kwanza katika maktaba. S. R. Ranganathan, mwanahisabati aliyekuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras nchini India, alitoa mwaka 1933 utaratibu uitwao Colon Classification. Badala ya kulitafutia kila somo tawi moja lililokwisha kuandaliwa, alilichambua somo katika pande zake mbalimbali, kila upande ukajibiwa peke yake, kisha majibu yakaunganishwa kuwa namba ya kitabu.

Faida yake huonekana kwa hesabu nyepesi. Chukua shati la shule lenye saizi 5, rangi 3 na mikono ya aina 2, yaani mirefu na mifupi. Tukitaka kila namna iwe tawi, tutahitaji matawi 5 × 3 × 2, yaani 30. Tukiongeza aina 4 za kitambaa, matawi huwa 120. Lakini tukiandika sifa kando kando, orodha zetu zilikuwa na maneno 5 + 3 + 2, yaani 10, na sasa ni 14 tu. Mti huzidisha, sifa hujumlisha.

Je, mti utupwe? La. Unabaki na kazi moja muhimu, nayo ni kuiambia kompyuta maswali ya kuuliza. Shati huulizwa saizi. Kanga haiulizwi saizi. Huulizwa jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, na kwa mnunuzi wengi jina hutangulia hata rangi. Programu iliyotungwa na mtu asiyeijua kanga haitakuwa na nafasi ya jina, na muuzaji atalisukumiza katika nafasi ya rangi, ambako halitatafutika tena.

Jambo linalosahauliwa mno ni kwamba sifa hukaa katika ngazi tofauti. Tuchukue dawa ya vidonge. Jina la dawa ni sifa ya aina nzima. Idadi ya vidonge katika boksi ni sifa ya umbo linalouzwa, na kila umbo hupewa namba yake ya mistari, aghalabu yenye tarakimu 13. (Namba inayoanza na 620 imetolewa na shirika la namba hizo la Tanzania, na 616 na lile la Kenya, haithibitishi kwamba bidhaa imetengenezwa huko.) Tarehe ya mwisho wa matumizi ni sifa ya toleo, yaani mkupuo mmoja wa kiwandani. Tarehe hiyo ikiandikwa katika ngazi ya umbo, shehena mpya itakapoingia, karani atafuta tarehe ya zamani na kuandika mpya, na papo hapo maboksi ya zamani yaliyo rafuni yatahesabiwa kuwa mazima. Mgonjwa ndiye atakayelipa. Edgar F. Codd wa kampuni ya IBM, aliyeeleza mwaka 1970 namna ya kupanga habari katika majedwali yanayohusiana, aliweka msingi wa kanuni ya kuzuia kosa hili: kila habari iandikwe mara moja, mahali pa kitu kile inachokieleza.

Hata maandishi yenyewe yahitaji nidhamu. Kwa binadamu “nusu kilo”, “g 500” na “kilo 0.5” ni uzito mmoja. Kwa kompyuta ni vitu vitatu. Heri kuandika tarakimu katika safu yake na kipimo katika safu nyingine.

Walimu waweza kuwapa wanafunzi zoezi hili. Chagueni bidhaa kumi za duka la shule, zikiwamo maziwa ya pakiti, daftari na sabuni ya kipande. Kwa kila moja, andikeni sifa zake zote, kisha onyesheni ipi ni ya aina, ipi ni ya umbo linalouzwa, na ipi ni ya toleo. Bei iachwe mwisho, kwa maana juu yake darasa halitakubaliana upesi.