Simu ya Video Inapokwama: Tatizo Liko Wapi, na Ulalamike kwa Nani?

Kwa wakazi wengi wa Mafia, simu ya video si anasa tena. Mfanyabiashara wa pweza aliye Kilindoni humwonesha mteja wa Dar es Salaam mzigo kabla haujapakiwa. Mzazi aliye Bweni humwona mwanawe anayesoma bara. Picha inapoganda, lawama huelekezwa kwa kampuni ya simu. Pengine lawama hiyo ni ya haki. Pengine kasoro iko kwenye programu au kwenye simu yenyewe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutofautisha, kwa kuwa lalamiko lisilo na ushahidi hukawia kutatuliwa, na kifurushi ulicholipia huendelea kutumika.

Simu ya video husafiri vipi?

Programu nyingi huunganisha watu wawili kwa mfumo wa kifaa kwa kifaa. Kwanza, seva ya wenye programu huvitambulisha vifaa viwili. Vikishatambuana, sauti na picha hupita baina yao bila kupitia kwenye seva hiyo. Njia hiyo ikizuiwa na mitambo ya mtandao, programu hutumia seva nyingine ya kupokezana. Seva hiyo ikiwa mbali, ucheleweshaji huongezeka.

Hata hivyo, kifaa kwa kifaa si lazima iwe njia fupi. Data za simu mbili zilizopo Utende na Kilindoni huweza kulazimika kuvuka bahari hadi kwenye mitambo ya mtoa huduma iliyopo bara, kisha kurudi kisiwani.

Sauti na picha husafirishwa zikiwa vipande vidogo. Kipande kimoja cha sauti kwa kawaida hubeba milisekunde 20 za mazungumzo. Kipande kilichochelewa mno hutupwa, kama abiria wa mashua anayefika Nyamisati basi limekwishaondoka. Ili mazungumzo yawe ya kawaida, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) unapendekeza sauti ifike upande wa pili ndani ya milisekunde 150. Programu huweka akiba ndogo ya vipande ili kusawazisha kufika kwake: akiba ikiwa kubwa, mazungumzo huchelewa, ikiwa ndogo, sauti hukatika. Kupata uwiano huo ni kazi ngumu kwa watengenezaji, na programu iliyojaribiwa kwenye mtandao wa kasi wa mjini huweza kushindwa Jibondo.

Dalili na maana yake

• Sauti ni safi lakini picha inaganda: kasi ya data haitoshi kubeba picha.
• Sauti inakatikakatika: vipande vinapotea au vinafika kwa kusuasua.
• Mnazungumza kwa kugongana: ucheleweshaji ni mkubwa.
• Simu inaita, inapokelewa, kisha haiunganishi: huenda njia baina ya vifaa imezuiwa.
• Huduma zote za intaneti zinasuasua kwa pamoja: huenda ni hitilafu kubwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora Tanzania na katika nchi jirani.

Jipimie mwenyewe

Badilisha jambo moja tu kwa kila jaribio, vinginevyo hutajua kilicholeta tofauti.

1. Tumia programu nyingine mahali hapo hapo. Ikifanya kazi vizuri, shaka iko kwenye programu ya kwanza.
2. Tumia laini ya mtoa huduma mwingine kwenye simu hiyo hiyo. Hali ikitengemaa, shaka iko kwenye mtandao wa kwanza.
3. Weka laini ya awali kwenye simu nyingine. Hali ikitengemaa, chunguza simu yako.
4. Rudia saa tofauti. Tatizo linalojitokeza jioni pekee huashiria msongamano.

Mwombe pia unayezungumza naye afanye majaribio hayo. Kasoro huweza kuwa upande wake.

Linda kifurushi chako

Simu ya video hutumia data kwa kutuma na kwa kupokea. Kwa kasi ya kilobiti 500 kwa sekunde kila upande, nusu saa hutumia takribani megabaiti 225. Baadhi ya programu za kutazama matangazo mubashara, zikiwemo za mpira, hugeuza simu yako kuwa kituo cha kuwarushia watazamaji wengine, kwa gharama ya kifurushi chako. Kagua matumizi ya data kwenye mipangilio ya simu, na uzime kipengele hicho inapowezekana.

Ulalamike kwa nani?

Kasoro ikiwa ya programu, isasishe kisha uwaarifu watengenezaji wake. Ikiwa ya mtandao, lalamika kwanza kwa mtoa huduma wako: eleza mahali, tarehe, saa na matokeo ya majaribio, na udai namba ya kumbukumbu. Usiporidhika, wasilisha lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ukiambatisha kumbukumbu hizo. Huduma bora ni haki ya mtumiaji wa kisiwani kama ilivyo kwa wa bara.