Kompyuta Inayogoma Bweni na Kuwaka Kilindoni

Laptopu inaweza kugoma kuwaka Bweni, kaskazini kabisa mwa Kisiwa cha Mafia, kisha ikafikishwa kwa fundi Kilindoni ikawaka vizuri tu. Ikirudi nyumbani, inagoma tena. Mtu anaweza kudhani amechezewa, kumbe diski ya nje, ile yenye filamu na picha za harusi, haikusafiri. Ukienda kwa fundi, ibebe pamoja na waya wake.

Kabla Windows haijaanza, programu ndogo iliyomo ndani ya mashine, BIOS au kwa mashine za siku hizi UEFI, hutafuta kifaa cha kuwashia kwa kufuata orodha. USB ikitangulia diski ya ndani, diski yako ya filamu ndiyo itakayoulizwa kwanza. Mashine nyingi zikikosa kitu huko husonga mbele. Nyingine hukwama palepale, kioo cheusi, au hudai kwa Kiingereza kwamba hakuna diski ya kuwashia.

Basi zima, chomoa kila kilichomo kwenye USB, washa. Ikiwaka, izime tena, iwashe huku ukibonyeza F2 au Del (HP nyingi ni F10), fungua sehemu ya Boot, upandishe diski ya ndani juu. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, tafuta kwanza ufunguo wake wa tarakimu 48, maana mabadiliko haya yanaweza kuufanya udaiwe.

Orodha ikiwa sawa na bado inagoma, shuku umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, la USB 3.0 900, na diski yenye sahani hula zaidi inapoanza kuzunguka. Badili waya, chomeka moja kwa moja kwenye mashine. Diski ikilia tik-tik, huenda inakufa: hamisha mafaili yako kwanza, mengine baadaye. Wapo wanaokimbilia kupiga Windows upya; mimi naona ni uvivu, kwani haiponyi waya mbovu wala diski mbovu.

Kuna kisa cha kinyume: kompyuta haiwaki mpaka diski ya nje iwepo. Aliyeweka Windows au Linux aliiacha imechomekwa, na mafaili ya kuwashia yakaangukia humo. Hapo usiifomati diski hiyo kabla fundi hajayarejesha kwenye diski ya ndani.