Rangi ya Unga kwa Rimu za Gari la Shamba

Gari la mkulima halina siku ya kupumzika. Asubuhi hupeleka maziwa, mchana hubeba majani ya ng'ombe au mapipa ya maji, na siku ya soko hujaa watu na magunia. Rimu za magurudumu huumia kila siku, lakini mwenye gari huzitazama tairi tu. Rimu huzikumbuka siku tairi inapoanza kupungua upepo bila msumari wala tundu, na fundi akaifungua na kuonyesha kutu iliyokula ukingo ambapo tairi hukaa.

Kwa sababu hiyo wako wenye pikapu na magari ya njia mbaya wanaopeleka rimu zao kupakwa rangi ya unga. Tumeona yafaa kueleza rangi hiyo ni kitu gani, hudumu kwa sababu gani, na huharibika kwa sababu gani, maana ni kazi ya fedha, na ikifanywa ovyo yaweza kuleta hatari kubwa kuliko kutu yenyewe.

Mfano wetu ni Tuala, katika Kaunti ya Kajiado, kati ya Ongata Rongai na Kitengela, kusini ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Tumechagua huko kwa kuwa karibu maadui wote wa rimu hukutana mahali pamoja. Mkulima wa skimu iliyo mbali na huko na apunguze au aongeze kwa kadiri ya njia zake.

Ukiacha lami, gari hupita juu ya muramu na mawe madogo yanayorushwa na tairi. Kila jiwe hugonga rimu kama nyundo ndogo. Mvua zikinyesha, mwezi wa Machi mpaka Mei na tena Oktoba mpaka Desemba, udongo mweusi wa nyanda za Athi na Kapiti hushika gurudumu kama gundi. Udongo huo hujaa ndani ya rimu, upande usioonekana, na hukaa na unyevu siku nyingi hata kama barabara imekauka. Gari likiegeshwa katika boma, hukanyaga samadi na mkojo wa ng'ombe. Tena kuna magadi, ambayo wafugaji huwalambisha ng'ombe, na hubebwa katika pikapu hizi hizi.

Magadi mnayajua. Mama akiyatia katika maharagwe ndani ya sufuria ya alumini, sufuria hugeuka nyeusi ndani. Basi yanalofanya katika sufuria ndilo yanalofanya kwa rimu za alumini, zile zing'aazo ambazo vijana huzipenda. Vumbi la saruji hufanya vivyo hivyo likilowa, na upande wa Athi River ndiko viliko viwanda vya saruji. Rimu ya chuma haiyaogopi sana magadi, lakini yenyewe huliwa na kutu.

Sasa tuitazame rangi. Rangi ya kawaida huchanganywa na thina, hupakwa ikiwa majimaji, kisha thina hukauka na kwenda zake. Rangi ya unga haina thina. Ni unga mkavu, laini kama unga wa ngano. Fundi huupuliza kwa bunduki yenye umeme. Umeme huo huufanya unga uvutwe na chuma na kukishika, kama vumbi linavyoshika nguo ya nailoni. Kisha rimu huingizwa katika tanuri lenye moto wa digrii 180 mpaka 200 za Selsiasi. Unga huyeyuka, hutambaa ukawa ngozi moja, na hatimaye hugeuka kuwa kitu kigumu kisichoweza kuyeyuka tena. Asili yake ni Ujerumani, ambako Erwin Gemmer alitengeneza njia ya kutumbukiza chuma cha moto katika unga, mapema katika miaka ya 1950. Kupuliza kwa umeme kulifuata katika miaka ya 1960.

Ngozi hiyo ikiwa nzuri huwa na unene wa mikroni 60 mpaka 100, yaani haizidi sehemu ya kumi ya milimita. Hata hivyo hustahimili kugongwa kuliko rangi nyingi za brashi, nayo haidhuriki upesi kwa mafuta wala petroli. Hizo ndizo sifa zake, nazo ni za kweli.

Lakini wengi hudhani kwamba rangi ngumu huzuia kutu popote inapopakwa. Sivyo. Kumbukeni vikombe vya enameli vya zamani. Kikombe kilikuwa kigumu na kizuri mpaka siku kilipoanguka. Palipobanduka palionyesha kidoa cheusi, kisha kidoa kikawa kutu, na kutu ikaenda chini ya enameli ambayo bado ilikuwa nzima kwa macho. Rangi ya unga hufa kifo hicho hicho. Maji huingia penye jeraha dogo, hutambaa chini ya ngozi, na baada ya miezi rangi huinuka kama lengelenge. Ukiigusa kwa kisu hutoka vipande vizima, na chini yake chuma ni chekundu.

Maji yatatambaa upesi au polepole kwa kadiri chuma kilivyosafishwa kabla ya kupakwa. Hapo ndipo umri wote wa rangi hii unapoamuliwa, wala si katika rangi yenyewe. Rimu sharti ivuliwe tairi, ioshwe grisi yote, iondolewe rangi ya zamani, kisha ipulizwe mchanga wa kazi hiyo kwa nguvu ya hewa mpaka chuma kiwe cha kijivu chenye kukwaruza, bila doa la kutu hata katika pembe. Kwa rimu ya chuma inayokwenda katika matope, bora itangulizwe rangi ya chini yenye zinki, ndipo ipakwe rangi ya juu. Zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kisiliwe. Brashi ya waya na msasa havitoshi. Fundi akikuambia kwamba unga utaifunika kutu, chukua rimu zako urudi nazo nyumbani.

Mwulize pia unga wake ni wa namna gani. Ule wa epoksi hushika sana chuma, lakini jua huuchakaza. Baada ya muda ukiupitishia kidole hutoka vumbi kama chokaa. Ule wa poliesta huvumilia jua. Epoksi chini na poliesta juu ni mpango mzuri.

Jambo la tanuri nalo lina siri yake. Mafundi wengi wa rangi hii kazi yao ya kila siku ni madirisha na milango ya vyuma vyembamba, ambavyo hupata moto upesi. Rimu ya gari zito ni nene. Tanuri laweza kuonyesha digrii 200 na rimu yenyewe ikawa bado haijafika, na dakika 10 au 20 za kuoka huhesabiwa tangu chuma chenyewe kipate moto huo, wala si tangu mlango ufungwe. Rangi isiyoiva hung'aa sawasawa na iliyoiva, kwa hiyo macho hayatakusaidia. Mwambie fundi aoke pamoja na rimu zako kipande cha chuma kilichosafishwa namna moja nazo na chenye unene kama wao. Kisha kikwaruze kwa wembe mistari ya kukatana kama wavu, ubandike utepe wa gundi juu yake na kuuvuta kwa ghafula. Vikitoka vyumba vya rangi, haikushika. Halafu chovya kitambaa katika dawa ya kuondolea rangi ya kucha, yenye asetoni, usugue. Rangi ikihamia sana kitambaani, haikuiva.

Kwa rimu za alumini hatari ni kinyume chake. Nyingi zilipata nguvu zao kiwandani kwa kupashwa moto kwa kipimo, na zikiokwa kwa moto mkali mno au mara nyingi nguvu hiyo hupungua. Usikubali zizidishwe digrii 200. Tena rangi mpya huficha ufa. Rimu ya alumini ikigonga jiwe yaweza kupasuka, hali ile ya chuma mara nyingi hupinda tu ikanyooshwa. Ndiyo sababu watu wengi wa njia mbaya hubaki na chuma, na mwandishi anaona ni akili. Ufa na utafutwe rimu ikiwa tupu, kabla ya unga.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo tungependa kila mwenye gari alishike. Mwandishi wa habari hizi alipata kupanda pikapu ya jirani yake iliyotoka kupakwa rangi siku mbili nyuma. Rimu zilipendeza sana. Njiani usukani ukaanza kutetemeka, nasi tukadhani ni udongo mweusi uliogandama upande mmoja wa gurudumu, kama ilivyo kawaida ya nchi ile. Tukashuka ili tuukwangue. Nati tatu za gurudumu la mbele zilizunguka kwa vidole. Nyuma tulikuwa tumebeba watu sita.

Sababu yake ni nyepesi. Fundi alikuwa amepaka unga kila mahali, hata ndani ya matundu ya bolti ambapo nati hukalia, na uso wa nyuma unaogusana na habu. Nati hukaza gurudumu kwa kubana chuma juu ya chuma. Ukiweka ngozi ya rangi katikati, ngozi hiyo husagika kwa uzito na mtikisiko, huwa nyembamba, na nati hubaki bila kitu cha kubana hata kama ilikazwa kwa nguvu zote. Basi sehemu hizo mbili sharti zizibwe kwa vizibo na utepe wa kuvumilia moto kabla ya kupuliza unga, nazo zitoke tanurini zikiwa chuma kitupu. Kama zimekwisha kupakwa, rangi iondolewe hapo kabla rimu haijafungwa. Nati zikazwe kwa kukatana, si kwa kuzunguka duara, na zikazwe tena baada ya kilomita 50 mpaka 100. Ukingo wa kukalia tairi isiyo na tyubu nao upate rangi nyembamba na laini, la sivyo upepo utavuja.

Wenye malori na magari ya zamani yenye rimu za vipande, zenye pete ya kufungia, na waangalie zaidi. Mfereji wa pete ukijaa rangi, pete haiketi vyema, na pete isiyoketi vyema huruka wakati wa kujaza upepo na kuua mtu. Wala rimu yo yote isipashwe moto wala kuchomelewa ikiwa na tairi, hata kama upepo umetolewa.

Rimu ikisha kufungwa vizuri, matunzo yake si makubwa. Osha kwa maji na sabuni, hasa upande wa ndani, kila gari litokapo katika udongo mweusi au likisha kubeba magadi. Asidi za kung'arishia zisitumike. Gurudumu livuliwe mara kwa mara ili kutazama kama kuna jiwe lililonaswa karibu na breki, maana jiwe moja laweza kuikwangua rangi ya ndani duara nzima kwa safari moja. Tazama zaidi kwenye kingo kali na pembe za ndani. Rangi ikiyeyuka huzikimbia kingo kali ikawa nyembamba, na umeme wa bunduki haupeleki unga vizuri katika pembe zenye kina. Kutu huanza hapo kabla ya pengine popote.

Ukiona jeraha, usingoje. Rangi ya unga haiwezi kutiwa kiraka cha unga nyumbani, lakini jeraha dogo hutibika: kausha, piga msasa mpaka chuma kiwe safi, paka rangi ya chini yenye zinki kwa brashi ndogo, kisha rangi ya kawaida juu yake. Kazi ya robo saa. Lengelenge likiwa limeenea upana wa kiganja, kiraka hakifai tena; rimu irudi kwa fundi ivuliwe yote.

Mwenye kutaka kupaka na afanye hivyo wakati tairi zimekwisha na zinabadilishwa, ili asilipe mara mbili kuzivua, na afadhali iwe Januari au Februari, kabla ya mvua ndefu. Gurudumu la akiba lipelekwe pamoja na mengine. Katika pikapu nyingi huning'inia chini ya gari, hupigwa mawe na matope kila siku, na mara nyingi ndiyo rimu iliyooza kuliko zote.