Kuoka hakuondoi hatari ya asali kwa mtoto mchanga

"Mtoto ana miezi minane. Sukari nimeacha, keki yake naitia asali yetu ya huku huku Singida, tena naioka mpaka ndani kabisa. Si anaweza kula?"

Hapana, mama. Hawezi. Safari hii swali limetoka Kinampanda, wilayani Iramba. Limeshatoka Kiomboi, limeshatoka Manyoni, na kila linapokuja limebeba utetezi uleule: naioka vizuri. Nimelijibu kliniki, nimelijibu kwenye simu, na sasa naliandika kwa sababu wanaouliza si wazazi wazembe. Ni wale wanaosoma kadi ya kliniki mstari kwa mstari, wanaopima unga na kuhesabu mayai. Inaniuma kuona bidii hiyo yote ikielekezwa kwenye moto, wakati kinachoamua hapa ni umri.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 asipewe asali. Asipewe mbichi, asipewe iliyochemshwa, asipewe iliyomo ndani ya keki, andazi, uji au maji ya uvuguvugu. Hata Shirika la Afya Duniani linawaonya wazazi hivyohivyo.

Imani inayozaa swali hili ni kwamba moto huua kila kijidudu. Asali inaweza kubeba spora za bakteria anayeitwa Clostridium botulinum. Spora ni bakteria aliyelala ndani ya ganda gumu: hali, hazaliani, hatoi sumu. Anangoja tu mahali pa kumfaa, kama mbegu ya mtama inavyokaa ardhini kiangazi kizima ikingoja mvua. Ndani ya asali mvua hiyo haiji. Asali iliyoiva ina maji machache, kwa kawaida hayazidi asilimia 20, ina sukari tele na ina tindikali, kwa hiyo spora hukaa humo bila kuamka. Mtu mzima akizila, bakteria waliojaa utumboni mwake hawazipi nafasi. Zinapita na kutoka. Utumbo wa mtoto mchanga bado haujapata jamii hiyo ya bakteria. Humo spora huamka, huzaliana na kutengeneza sumu palepale tumboni, na sumu hiyo hukata mawasiliano kati ya neva na misuli. Ugonjwa huo unaitwa botulizimu ya watoto wachanga. Ulitambuliwa mwaka 1976 huko California, Marekani, na haikupita miaka mingi uchunguzi ukaonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa walikuwa wamelishwa asali.

Sasa turudi jikoni. Anayesema "sumu hufa kwa moto" amesema kweli kuhusu kitu ambacho hakimo. Ni kweli sumu ya botulinum huharibika kwenye nyuzi 85 kwa dakika 5. Lakini tatizo la asali si sumu. Tatizo ni spora, na spora huvumilia hata maji yanayotokota. Viwanda vya vyakula vya makopo huziua kwa mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121 kwa dakika 3 hivi, na joto hilo ni lazima lifike katikati kabisa ya kopo. Keki haifiki huko. Hata kama una oveni ya umeme na umeiweka kwenye nyuzi 180, hilo ni joto la hewa inayoizunguka keki. Ndani ya keki kuna maji ya mayai na maziwa, na maadamu maji yamo, joto la ndani halivuki nyuzi 100. Ile saa unayochoma kijiti kikatoka kikavu, katikati ya keki pana nyuzi 95 au karibu na hapo. Ukiongeza dakika 20 utapata ukoko mgumu na keki kavu, na spora zitakuwa zimo.

Kinampanda wengi wanaokea jiko la mkaa: sufuria kubwa yenye mchanga, ya keki ndani yake, mfuniko umepaliwa makaa juu. Ni njia nzuri na keki zake ni laini, lakini hakuna namna ya kujua joto lake. Ongeza na hili: kila unapopanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa pungufu ya nyuzi 1. Penye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari huchemka kwenye nyuzi 95. Nyanda za Iramba ziko juu, kwa hiyo hata uji unaotokota huko haufiki nyuzi 100. Moto wa nyumbani, uwe wa kuni, mkaa, gesi au umeme, haumalizi kazi hii.

Hoja ya moto ikishindwa, inakuja ya usafi. "Asali yetu ni halisi, nimemwona mrinaji kwa macho yangu." Naamini. Singida ni mkoa wa asali, na sina ugomvi na mizinga ya Iramba wala ya vichaka vya Itigi. Lakini spora zinatoka kwenye udongo na vumbi. Nyuki hutua, vumbi hupeperuka, vyombo vya kurinia huwekwa chini. Asali halisi kabisa inaweza kuwa nazo. Kuchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha, kudondosha tone kwenye maji, kulipaka kwenye karatasi: watu hufanya hivyo kutafuta asali iliyochakachuliwa, na hata kwa kazi hiyo si vipimo vya kuaminika. Hakuna hata kimoja kinachoona spora. Asali ya nyuki wadogo, inayouzwa ghali kwa sifa ya dawa, iko chini ya katazo hilohilo. Ya kiwandani nayo haijaepuka. Spora hupenya kitambaa cha kuchujia, na joto linalotumika kuilainisha asali kabla ya kuiweka kwenye chupa ni dogo kuliko la maji ya chai.

Kuna desturi moja inayonimaliza subira: kumlambisha kichanga asali kwa ajili ya kikohozi, gesi, au utando mweupe mdomoni. Utando ule ni fangasi. Unatibiwa kwa dawa ya fangasi inayotolewa kituo cha afya, na kuupaka asali ni kumwingizia mtoto spora kwa kidole. Kikohozi cha mtoto wa miezi mitatu kinataka mtu ahesabu pumzi zake na kutazama kama kifua kinaingia ndani anapopumua, halafu ampeleke hospitali. Ninajua wazo hili linatoka wapi. Kwa mtoto aliyeshatimiza mwaka, kijiko kidogo cha asali usiku hutuliza kikohozi kwelikweli. Watu wamechukua ushauri wa mtoto mkubwa wakampa mdogo, na tofauti ya miezi michache ndiyo tofauti yote.

Bibi naye atasema aliwalambisha watoto wote na wako hai. Shikamoo bibi, na ni kweli. Si kila asali ina spora, na si kila mtoto anayezila anaugua. Huu ni ugonjwa wa nadra. Marekani, ambako unachunguzwa kwa makini, hugundulika watoto zaidi ya 100 kwa mwaka, na wengi wao hawakula asali kabisa. Spora ziliwafikia kwa njia nyingine, vumbi likiwemo. Lakini wanaotoa ushahidi kwamba asali haikuwadhuru ni waliobaki. Mtoto aliyelegea na kufariki zamani hizo angeitwa wa degedege au wa kurogwa, kwa sababu kuthibitisha botulizimu kunataka kupima sumu kwenye kinyesi, na kipimo hicho hakifanyiki zahanati. Vumbi la Singida hakuna mzazi awezaye kulizuia. Asali anaweza.

Na ile hesabu ya kubadilisha sukari kwa asali ili keki iwe ya afya nayo ifutwe. Shirika la Afya Duniani linaihesabu asali pamoja na sukari za kuongezwa. Meno ya mtoto hayaulizi utamu umetoka kwenye mzinga au kiwandani.

Sasa mfanye nini? Kwa mtoto wa miezi sita na kuendelea, utamu wa ndizi mbivu zilizopondwa unatosha. Viazi vitamu vilivyopikwa vinafaa, hasa vya rangi ya chungwa, na boga pia. Ponda ndizi 2 zilizoiva mpaka ganda limeanza kuwa na madoa meusi, piga yai 1, tia vijiko 3 vya mafuta ya alizeti, kikombe 1 cha unga wa ngano, kijiko 1 kidogo cha beking pauda na maziwa kidogo kama unga ni mzito. Sukari usitie, chumvi usitie, iliki ukipenda. Kwenye nyanda za juu beking pauda iwe pungufu kidogo, la sivyo keki itaumuka haraka na kubonyea katikati. Yai liive kabisa. Karanga nzima na mbegu za alizeti zisimwagwe juu. Mtoto chini ya miaka mitano hukabwa nazo. Mpe vipande laini akiwa amekaa. Keki ni ya kuonja, mlo wake uko palepale. Mlango uwe wazi mkaa unapowaka, na anayetambaa awe kwa mtu, asiwe karibu na jiko.

Mama anayenyonyesha ale asali yake kwa amani, spora hazipiti kwenye maziwa. Anawe mikono tu, na asiipake kwenye chuchu ili mtoto avutwe kunyonya.

Kama mtoto ameshalishwa, usijilaumu na usimtapishe. Wengi hawataugua. Mwangalie kwa mwezi mmoja, maana dalili huweza kuanza siku 3 hadi 30 baadaye. Mara nyingi ya kwanza ni kukosa choo kwa siku kadhaa, na wengi huidharau. Kisha kunyonya kunapungua nguvu, kilio kinakuwa chembamba, kope zinalegea, shingo iliyokuwa imekaza inashindwa kubeba kichwa. Ukiona hivyo usimpe mafuta ya nyonyo wala mitishamba. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kinachofuata kulegea ni misuli ya kupumulia. Ukifika, mwambie daktari bila kungoja aulize: mtoto alikula asali, tarehe fulani. Baadhi ya dawa zinazotumika sana kwa watoto wachanga, jentamaisini ikiwemo, zinaweza kuongeza ulegevu huo, na daktari anahitaji kujua kabla hajaandika.