Je, Wajua? Zinki Haimjui Mhunzi Wala Fundi

Wadatoga wa Hanang na Mbulu, Tanzania, wana ukoo wa wahunzi, Gidang'odiga. Kwa makaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, huyeyusha kufuli na koki chakavu na kutengeneza bangili za shaba ya njano. Shaba hiyo ina zinki, ambayo huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi na kutoa moshi mweupe. Zinki hiyohiyo ndiyo inayofunika bati la kuezekea.

Unayejifunza kuchomelea bati jembamba la aina hiyo kwa mashine ya MIG, kwangua kwanza zinki pembezoni mwa kiungo, fanyia kazi penye hewa ya kutosha, na uchome nukta fupi zilizoachana ili bati lisitoboke. Ukivuta moshi ule wa zinki, waweza kupata homa na kutetemeka saa chache baadaye.