Anayesoma Siye Anayelipa

Zamani kidogo, mtihani wa kati ya muhula ulipokwisha, walimu wa sekondari nchini Kenya walijifungia ofisini na vikokotoo pamoja na karatasi ndefu za alama. Kila somo lilijumlishwa, kila mwanafunzi akapewa wastani na nafasi yake darasani, kisha ripoti zikaandikwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Siku kadhaa zilikwenda hivyo. Leo katika shule nyingi mwalimu anaingiza alama kwa simu yake, programu inapanga madaraja kuanzia A hadi E na kuonyesha somo gani limepanda na lipi limeshuka, na mzazi anapokea matokeo kwa ujumbe mfupi hata kabla mtoto hajafika nyumbani.

Zeraki, kampuni ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 2014, imejijengea jina kwa kazi hiyo. Inazo video za masomo pia, lakini kilichoifungulia milango ya shule ni alama na ripoti. Anayetaka kuielewa biashara ya teknolojia ya elimu Afrika Mashariki aanzie hapo. Mwalimu mkuu ana tatizo analolijua, na ana fungu la fedha la kulitatua. Mtoto anayehangaika na logarithi naye ana tatizo, tena kubwa zaidi, ila mfukoni hana kitu.

Tofauti hiyo kati ya anayesoma na anayelipa ndiyo inayoamua bidhaa gani itengenezwe, nani aifaidi na kampuni gani idumu.

Waliojaribu kumuuzia mwanafunzi mwenyewe walilazimika kushusha bei hadi ifikie shilingi chache. Eneza Education ilianzishwa Kenya mwaka 2011 na Toni Maraviglia, Mmarekani aliyewahi kuwa mwalimu, na Kago Kagichiri, mtaalamu wa kompyuta wa Kenya. Huduma yao ya Shupavu 291, iliyopitia mtandao wa Safaricom, haikuhitaji simu janja wala bando. Mwanafunzi alibonyeza *291#, akachagua darasa na somo, na simu ya kitochi ikamletea funzo la mistari michache likifuatiwa na maswali ya kuchagua jibu. Akikosa, alielezwa alipokosea. Akikwama kabisa, alituma swali na mwalimu wa upande wa pili alimjibu. Gharama iliwekwa shilingi 3 za Kenya kwa siku, zinazokatwa kwenye salio.

Shilingi 3 kwa siku ni kama 90 kwa mwezi, na katika biashara ya namna hii kampuni ya simu huchukua sehemu yake kabla mwenye huduma hajaona chochote. Hapo hesabu inasimama kwa wingi wa watu tu. Ndiyo maana huduma nzuri kama hizi huishia kutafuta mfadhili au mshirika mkubwa. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, Shupavu 291 ilitolewa bure kwa siku 60: zawadi kubwa kwa watoto, ila ni zawadi inayohitaji mtu wa kuilipia.

Tanzania ilipita njia nyingine. Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, lilianza kurusha kipindi cha Ubongo Kids kwenye televisheni ya TBC mwaka 2014, kwa Kiswahili, hisabati na sayansi zikifundishwa kwa katuni na nyimbo. Baadaye akaja Akili, binti wa katuni wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, kwa ajili ya watoto ambao hawajaanza shule. Waanzilishi walijisajili kama shirika lisilogawana faida, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Huwezi kumtoza mtoto wa miaka minne, na mzazi wake tayari ameshanunua televisheni. Shule Direct ya Faraja Nyalandu, iliyoanza kipindi hicho hicho, iliweka masomo ya sekondari mtandaoni, kisha ikaongeza huduma ya ujumbe mfupi kwa wasio na intaneti.

Ukiuliza mtaani nani hasa aliyeingiza pesa taslimu kutokana na elimu ya kidijitali, jibu la wazazi wengi wa Kenya litakuwa mwenye saiba, yaani kibanda cha intaneti na uchapishaji. Mtaala wa umilisi ulipoanza, kazi za nyumbani zilikuja na picha za kuchapisha: wanyama wa porini, viongozi wa nchi, aina za nguo. Mzazi akitoka kazini jioni anapitia saibani, anapanga foleni, analipa kwa kila ukurasa. Hakuna mwekezaji aliyeandikiwa mradi huo, lakini pesa ilizunguka kila siku ya shule, na ilitoka mfukoni mwa watu wanaohesabu nauli.

Mtaji mkubwa ulikuwa na ndoto tofauti. Janga la korona liliwaaminisha wawekezaji wa dunia kwamba darasa limehamia kwenye skrini moja kwa moja. Byju's ya India ilithaminiwa dola bilioni 22 mwaka 2022; Julai 2024 ilikuwa mbele ya mahakama ya ufilisi. Edukoya ya Nigeria, iliyopata dola milioni 3.5 mwaka 2021, ilifunga milango mwaka 2025 ikieleza matatizo ambayo kila mwalimu wa kijijini angeweza kuyataja: intaneti dhaifu, uhaba wa vifaa na familia zisizo na fedha za ziada. Uganda ilifunga shule, kikamilifu au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kama kulikuwa na soko la kumuuzia mzazi masomo ya mtandaoni, lingejionyesha wakati huo. Watoto wengi walibaki na redio, au bila chochote.

Inabaki serikali, mnunuzi mkubwa kuliko wote.

Rekodi yake ni ya mchanganyiko. Muungano wa Jubilee uliingia madarakani Kenya mwaka 2013 ukiwa umeahidi kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza, ya shilingi bilioni 24.6, iligubikwa na mabishano hadi ikafutwa. Vifaa vilianza kufika mwaka 2016, safari hii vikiletwa na miungano iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia pamoja na Chuo Kikuu cha Moi. Vilisambazwa zaidi ya milioni moja, katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Shule nyingi zilivifungia kabatini kwa hofu ya wezi, nyingine zikakosa mwalimu aliyejiamini kuvitumia. Hata hivyo mradi uliacha kitu ambacho hakikutajwa sana kwenye kampeni: ili vifaa vichajiwe, maelfu ya shule za umma ziliunganishwa umeme. Hilo halipaswi kubezwa.

Tanzania nayo, baada ya Sensa ya Agosti 2022, iligawia walimu vishikwambi zaidi ya 200,000, ambavyo vingi vilikuwa vimetumiwa na makarani wa sensa. Kukabidhi kifaa kwa mwalimu badala ya mwanafunzi ni uamuzi wenye mantiki ya kiuchumi, na ushahidi wake ulikwishapatikana Kisumu, Kenya.

Huko, Benjamin Piper na wenzake wa shirika la RTI walilinganisha njia tatu za kutumia vifaa katika kufundisha kusoma: kuwapa washauri wa walimu wanaotembelea shule, kuwapa walimu, au kuwapa wanafunzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Watoto wa makundi yote matatu waliendelea vizuri kuliko wasiopata programu, lakini hapakuwa na tofauti ya maana kati ya kundi na kundi. Tofauti ilikuwa kwenye gharama, kwani mshauri mmoja anahudumia shule nyingi kwa kishikwambi kimoja. Programu ya kitaifa ya Tusome, iliyokwisha kuanza mwaka 2015, ilijengwa juu ya mantiki hiyo hiyo. Mshauri aliingia darasani, akaangalia somo, akawasomesha watoto wachache kupima kasi yao, akaingiza yote kwenye kishikwambi; kifaa kilirekodi mahali alipo, na nauli yake ililipwa kufuatana na ziara zilizorekodiwa. Kiini cha mafanikio kilikuwa vitabu, kitabu kimoja kwa kila mtoto, na mwalimu aliyefundwa. Teknolojia ilihakikisha tu kwamba mtu anafika.

Gharama nyingine imeanza kuonekana sasa, nayo ni taarifa za watoto. Human Rights Watch ilipochunguza bidhaa za elimu mtandaoni zilizotumika katika nchi 49 wakati wa janga, ilikuta takriban asilimia 89 zikihatarisha faragha ya watoto. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Programu ya bure mara nyingi ina mlipaji wake, hata kama jina lake haliko kwenye ankara.

Mfano wenye matumaini kuliko yote ulitokea Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za dola milioni 15, lilipeleka vishikwambi katika vijiji 170 vya mkoa huo, kwa watoto wapatao 2,700 ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Vilichajiwa kwa umeme wa jua, na akina mama waliochaguliwa kijijini walivisimamia. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Washindi wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, waligawana dola milioni 10, na kwa masharti ya shindano msimbo wa programu zote uliachwa wazi kwa yeyote, kwa Kiswahili na Kiingereza.

Nchi iliyoifikisha kazi hiyo mbali zaidi ni Malawi. Serikali yake, pamoja na shirika la Imagine Worldwide, inasambaza programu ya onebillion kwa Kichewa chini ya mpango wa taifa wa BEFIT, kwa lengo la kufikia shule zote za msingi za umma, watoto wakitumia vishikwambi kwa zamu. Mlipaji anajulikana tangu mwanzo, na mzazi haombwi bando. Dodoma na Nairobi zinao msimbo wa Kiswahili bila malipo tangu mwaka 2019. Kinachohitajika kuandikwa kwenye bajeti ni betri, fundi wa wilaya na nauli ya mshauri wa walimu.