Kuiandaa Nyumba kwa Miezi ya Joto

Mtahiniwa, ukingoni mwa kasoko ya Ngorongoro, takribani mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, watu huvaa makoti. Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi wilayani Karatu, hutokwa na jasho. Sababu ni mwinuko: kila upandapo mita 100, halijoto hupungua kwa takribani nyuzi 0.6.

Mtihani wako ni Novemba. Ikiwa unaishi bondeni, iandaeni nyumba mapema ili uweze kujisomea. Kwanza, wekeni dari, kwa kuwa hewa iliyo kati yake na bati hupunguza joto linaloshuka chumbani. Pili, acheni matundu juu na chini ya ukuta. Hewa ya moto hupanda ikatoka, ya baridi ikaingia. Tatu, mwenye kiyoyozi asafishe vichujio, maana vumbi likiziba, umeme hutumika bure.

Wairaqw wa zamani walijenga tembe zenye paa la udongo, ambao hupata joto polepole. Hawakuhitaji umeme.

Ukiulizwa swali hili, usiorodheshe hatua tupu. Kila hatua ifuatishe sababu yake. Hapo ndipo alama zilipo.